Tableti ya Kutazamia Filamu Safarini na Nyumbani: Kabla ya Kulipa, Ulizia L1

Desemba iliyopita nilipanda basi la usiku kutoka Kampala kwenda Arua, mwendo wa takriban kilomita 500, nikiwa na tableti mpya mkobani na tamthilia nzima niliyokuwa nimeipakua kutoka Netflix kwa siku tatu mfululizo. Tulipoipita Luwero nikaiwasha. Nyuso za waigizaji zilikuwa kama zimepakwa mafuta, nywele zao hazikutengana na ukuta uliokuwa nyuma yao, na kila penye giza picha ilivunjika kuwa vipande vya mraba. Maandishi ya tafsiri chini ya picha, hata hivyo, yalikuwa makali kama yamechapwa kitabuni. Nilivumilia hadi Karuma, nikaizima, na muda wote uliobaki hadi kulipokucha tukivuka daraja la Pakwach nilikuwa nikijiuliza jinsi kifaa cha shilingi 420,000, ambacho boksi lake limeandikwa 4K, alama ya picha kali kupita HD, kwa herufi za dhahabu, kinavyoweza kuonyesha picha hafifu kuliko simu yangu ya miaka minne.

Jibu lilikuwa katika yale maandishi. Tableti huyachora yenyewe kwa uwezo wote wa kioo chake, lakini picha huipokea kama ilivyotumwa, na mimi nilikuwa nimetumiwa picha yenye mistari 480 tu ya kimo. Picha ya namna hiyo ina pikseli, yaani nukta zinazoiunda, kama laki nne, ilhali picha kamili ya HD yenye mistari 1080 ina pikseli zaidi ya milioni mbili. Kioo kilikuwa kizima na upakuaji haukuwa na hitilafu. Netflix ilikuwa imekikagua kifaa changu, ikaona hakiaminiki, ikakinyima picha nzuri bila kunieleza lolote.

Ukaguzi huo hufanywa kwa mfumo unaoitwa Widevine, ambao Google iliununua mwaka 2010 na ambao huzifunga filamu ili zisinakiliwe. Kifaa cha daraja la L1 hufungua kufuli na kuiandaa picha ndani ya sehemu salama ya kichakataji, mahali ambapo programu nyingine haziwezi kuchungulia. Kifaa cha L3 hufanya kazi yote hiyo kwa programu za kawaida, na kwa kuwa programu za kawaida ni rahisi kuingiliwa, Netflix na Prime Video hukipa picha ya chini tu. Kuwa na L1 kunahitaji mtengenezaji aweke funguo za siri ndani ya kila kifaa kiwandani na kutimiza masharti ya ukaguzi, na watengenezaji wa vifaa vya bei ya chini wengi hawajishughulishi na jambo hilo. Wala usitarajie kwamba sasisho litakuja kukuokoa. Mwaka 2018, kampuni ya OnePlus ilipotaka kuzipandisha simu zake za OnePlus 5 na 5T kutoka L3 hadi L1, wateja walilazimika kuzirudisha simu zenyewe kwa kampuni, kwa sababu kazi hiyo haikuweza kufanyika kupitia intaneti. Ikiwa kampuni ya ukubwa huo ilihitaji kukishika kifaa mkononi, tableti isiyo na jina uliyoinunua kwenye jengo la maduka katikati ya mji itabaki na L3 hadi siku itakapokufa.

Kwa sababu hiyo sitazungumzia kamera, wala rangi ya kava, wala idadi ya gigabaiti za RAM, mambo ambayo kila muuzaji anayajua kwa moyo. Nitazungumzia picha inayofika machoni.

Tableti ninayoipendekeza kuliko zote ni Samsung Galaxy Tab A9+, iliyotoka mwaka 2023. Nakiri kwamba nina upendeleo kwa Samsung, na sababu ya upendeleo huo ni kwamba katika vifaa vyote vya kampuni hiyo nilivyowahi kuvikagua, vyangu na vya ndugu zangu, sijakutana hata na kimoja chenye L3. Kioo chake ni cha inchi 11 na pikseli 1920 kwa 1200, kwa hiyo filamu ya HD hukaa humo bila kupunguzwa. Ina spika nne, mbili kila upande unapoilaza, na jambo hilo lina thamani kubwa nyumbani ambapo watoto watatu hutazama pamoja. Safarini ina mambo mawili ambayo watengenezaji wengi wameanza kuyaondoa: tundu la vipokea sauti vya waya, na nafasi ya kadi ya kumbukumbu, ambapo unaweza kuiagiza Netflix ihifadhi filamu zako ili usijaze tableti yenyewe. Kasoro zake ninazijua. Huchajiwa polepole, kwa wati 15 tu, kwa hiyo usiingoje asubuhi ya safari, hasa kama mtaa wenu hukatiwa umeme kama wetu. Kioo chake pia hushindwa na jua la mchana, na anayekaa dirishani katika basi la asubuhi la kwenda Mbale atalazimika kufunga pazia.

Ya pili ni mdogo wake, Galaxy Tab A9 bila alama ya kujumlisha. Ina inchi 8.7 na pikseli 1340 kwa 800, kwa hiyo haifikii HD kamili, lakini tofauti kati yake na picha ya mistari 480 inaonekana kwa macho bila kutafutwa. Naiweka hapa kwa ajili ya msafiri wa peke yake: hushikika kwa mkono mmoja, na katika teksi iliyojaza watu kumi na wanne, ambapo viwiko havina mahali pa kwenda, mkono mmoja ndio ulio nao. Kwa sebuleni haifai.

Redmi Pad SE ya Xiaomi naiweka ya tatu, na najua kuna watakaonilaumu, kwa sababu kwa maelezo ya karatasini inalingana na Tab A9+ na hata kuizidi kwa betri, ikiwa na mAh 8000 dhidi ya 7040. Ile niliyoikagua ilionyesha L1. Ningeinunua iwapo ningeikuta kwa bei iliyo chini sana ya Samsung. Bei zikikaribiana, nitabaki kwa Samsung.

iPad haina habari ya L1 wala L3, kwa kuwa Apple hutumia kufuli lake lenyewe linaloitwa FairPlay, na HD hupatikana bila wasiwasi. Tatizo lake kwa filamu ni umbo. iPad ya kizazi cha tisa ina kioo cha uwiano wa 4 kwa 3, ilhali tamthilia nyingi hupigwa kwa uwiano wa 16 kwa 9, kwa hiyo robo nzima ya kioo ulicholipia hubaki kuwa mistari myeusi juu na chini. Haina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, na iliyoifuata, ya kizazi cha kumi, imeondoa hata tundu la vipokea sauti. Ni kifaa kizuri kwa kazi nyingine.

Kukagua ni kazi ya dakika tano. Washa intaneti ya simu yako igawe kwa tableti iliyo juu ya kaunta, ingia Play Store, pakua programu ndogo ya bure iitwayo DRM Info, kisha tafuta mstari wa Widevine unaotaja daraja la usalama. Hapo utaona L1 au L3. Kama una akaunti ya Netflix, nenda mbele zaidi: ingia katika mipangilio ya programu yao, fungua ukurasa wa maelezo ya uchezaji, usome ubora wa juu ambao kifaa kimeruhusiwa. Ukurasa huo ndio wenye neno la mwisho, kwa kuwa Netflix huidhinisha vifaa modeli kwa modeli, na kuna vifaa vyenye L1 ambavyo bado havijaidhinishwa. Ukaguzi huu huumbua pia tableti bandia zilizobandikwa majina makubwa, na zile zilizotumika ng'ambo ambazo mfumo wake umechezewa, kwa sababu nyingi kati ya hizo huangukia L3.

Na hapa ndipo ninapokuwa na kisa na wauzaji wetu. Nilipokuwa nikinunua ile tableti ya kwanza niliomba kuona picha yake, na kijana akanifungulia YouTube, akaniwekea video ya maua na vipepeo, iking'aa vizuri kabisa. "Nyabo, unaona mwenyewe, hii ni 4K." Video za kawaida za YouTube hazina kufuli hilo, kwa hiyo tableti yoyote yenye kioo kizima itazionyesha vizuri, na onyesho la namna hiyo halikuambii lolote kuhusu filamu unazozilipia kila mwezi. Niliporudi na malalamiko nilionyeshwa sentensi iliyopigwa muhuri chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tangu hapo nimeingia maduka tisa ya katikati ya Kampala nikiuliza swali moja tu, L1 au L3, na ni muuzaji mmoja aliyejua ninachouliza. Wawili walikataa nisipakue chochote kabla ya kulipa, na mmoja alipandisha bei papo hapo aliponiona nimeishika Samsung bila kuiachia. Simlaumu mwenye duka kwa kutojua kila kitu. Namlaumu kwa kuuza herufi za 4K asizozijua maana yake kwa mtu aliyeweka akiba miezi mitano.

Kuna wasomaji wa aina mbili ambao jambo hili haliwahusu. Wa kwanza ni wenye kifurushi cha Netflix cha simu na tableti peke yake, ambacho chenyewe kimewekewa kikomo cha mistari 480, hata kifaa kiwe cha thamani gani. Baadhi yao wamekichagua kwa hesabu nzuri, kwa sababu picha ya chini hula karibu gigabaiti moja kwa saa na HD huweza kufika tatu, na tangu Julai 2021 data yetu hutozwa ushuru wa asilimia 12. Lakini anayelipia kifurushi cha HD huku akitazama kwenye kifaa cha L3 anapoteza tofauti ya bei kati ya vifurushi hivyo kila mwezi.

Wa pili ni wale ambao filamu zao ni za ma-VJ, yaani wanaozisimulia filamu kwa sauti zao, zilizotafsiriwa kwa Kiganda na kina Jingo na Junior, ambazo huhamishiwa kwenye flashi au kadi pale laibrari ya filamu ya mtaani. Faili hizo hazina kufuli, kwa hiyo tableti yoyote ya bei ya chini itatosha, mradi spika zake zisikike na iwe na nafasi ya kadi. Ile yangu ya shilingi 420,000 iko Arua kwa watoto wa dada yangu, imejaa filamu za VJ Junior, na kwa kazi hiyo picha yake haina tatizo lolote.