F-35: Ndege ya Kivita Ambayo Mnunuzi Hawezi Kuirudisha Dukani

Tathmini maarufu kuliko zote za ndege ya kivita ya F-35 haikuandikwa na jenerali wala mhandisi, bali na idara ya utalii ya jimbo la Kerala nchini India. Tarehe 14 Juni 2025 ndege moja ya aina hiyo, mali ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza, ilitua kwa dharura katika uwanja wa Thiruvananthapuram baada ya mafuta kupungua na hali ya hewa kuchafuka, kisha mfumo wake wa haidroliki ukagoma na ndege ikashindwa kuondoka. Siku za mwanzo ilisimama nje, ikinyeshewa, huku askari wa India wakiilinda usiku na mchana. Idara ya utalii ikaiwekea maneno mdomoni kwamba Kerala ni pazuri mno, haitaki kuondoka na inawashauri wengine waje, na ikapachika nyota tano. Ndege iliondoka tarehe 22 Julai, baada ya kikosi cha mafundi kuletwa kutoka Uingereza.

Nimeona ni haki sasa na ndege yenyewe itathminiwe, kwa vigezo vya mnunuzi yeyote anayetoa fedha zake: bei, uimara, upatikanaji wa vipuri, huduma baada ya mauzo, na uaminifu wa muuzaji. Sijawahi kuirusha na sitarajii kualikwa kuirusha. Hata hivyo, ripoti za wakaguzi wa serikali ya Marekani ziko wazi kwa yeyote mwenye subira ya kuzisoma, nazo zinatosha.

Tuanze na sifa, kwa sababu zipo na si haki kuzifunika. F-35 imeundwa ili iwe vigumu kuonekana kwenye rada, na hukusanya taarifa za vihisio vyake vyote na kumpa rubani picha moja iliyokamilika badala ya kumwachia kazi ya kuziunganisha. Kofia ndiyo kifaa chake cha kustaajabisha zaidi: hupimwa kwa kichwa cha kila rubani, na kwa kuwa ndege ina kamera sita zilizotawanywa mwilini mwake, rubani akiinamisha macho kuelekea miguuni pake haoni sakafu bali ardhi iliyo chini. Kofia moja hugharimu takribani dola 400,000. Katika vita vya Juni 2025 Israel ilizirusha ndege hizi juu ya Iran, na madai ya Tehran kwamba ilizitungua kadhaa hayakuthibitishwa. Kwa kazi ya kuingia anga la mwenzako bila kubisha hodi, basi, bidhaa hii inatimiza ilichoahidi, ilimradi siku hiyo imeamka salama.

Huko kuamka salama ndiko kwenye mashaka. Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, ambayo ndiyo mkaguzi wa Kongresi ya Marekani, iliripoti kwamba mwezi Machi 2023 ni takribani asilimia 55 tu ya ndege hizo zilizokuwa tayari kwa kazi, ilhali malengo yaliyowekwa yalikuwa kati ya asilimia 85 na 90. Imepewa jina la radi, Lightning II, na kuanzia mwaka 2020 toleo lake la A, ambalo ndilo linalonunuliwa kwa wingi, lilipigwa marufuku kuruka ndani ya kilomita 40 kutoka palipo na radi, kwa sababu mfumo unaozuia matangi ya mafuta yasilipuke ulikutwa na kasoro. Marufuku hayo yalidumu kwa miaka kadhaa. Mchekeshaji angetunga kisa hicho jukwaani angeambiwa ametia chumvi.

Kampuni ya Lockheed Martin, mtengenezaji wake, ilishinda mkataba mwezi Oktoba 2001 kwa ahadi ya ndege moja, nafuu, yenye matoleo matatu yanayofanana, ili jeshi la anga, wanamaji na askari wa majini wagawane gharama. Uamuzi rasmi wa kuruhusu uzalishaji kamili ulitolewa Machi 2024, wakati karibu ndege elfu moja zilikuwa zimeshatoka kiwandani. Yaani bidhaa iliuzwa kwanza, ikapasishwa baadaye. F-35A moja huuzwa kwa zaidi kidogo ya dola milioni 80, na hiyo ndiyo bei ambayo wauzaji hupenda kuitaja. Ambayo hawapendi kuitaja ni gharama ya matunzo. Kuzihudumia ndege takribani 2,470 ambazo Marekani imepanga kuwa nazo kulikadiriwa mwaka 2018 kuwa dola trilioni 1.1 kwa maisha yote ya ndege hizo. Kufikia mwaka 2023 makadirio yalikuwa yamepanda hadi trilioni 1.58, huku majeshi yenyewe yakipanga kuzirusha kwa saa chache kuliko yalivyokusudia. Ukijumlisha na gharama za kuzibuni na kuzinunua, hesabu inavuka trilioni mbili.

Mnunuzi asome kwa makini zaidi sehemu ya huduma baada ya mauzo. Mtengenezaji amebaki na sehemu kubwa ya data za kiufundi, kwa hiyo fundi wa jeshi mwenye spana mkononi hana michoro wala idhini ya kutengeneza baadhi ya vifaa vilivyo mbele yake. Huvifungasha, huvirudisha kwa wenyewe, na foleni huanza. Vipuri vilivyo katika ghala la pamoja la dunia nzima hushikwa na wakandarasi, na mwaka 2023 wakaguzi walieleza kwamba tangu 2018 wakandarasi hao walikuwa wamepoteza zaidi ya vipuri milioni moja, vyenye thamani ya zaidi ya dola milioni 85. Mtunza stoo wa shule ya msingi akipoteza katoni mbili za chaki huandikiwa barua ya kujieleza. Hapa aliyetakiwa kuandika barua ni Wizara ya Ulinzi, ambayo haijafaulu ukaguzi wa hesabu zake hata mara moja tangu ukaguzi kamili wa kwanza ulipofanyika mwaka 2018. Kuhusu muda wa kufikishiwa mzigo, ndege 110 zilikabidhiwa mwaka 2024 na zote zilichelewa, kwa wastani wa siku 238, kutoka siku 61 mwaka uliotangulia. Malipo ya motisha kwa kampuni yaliendelea kutolewa.

Simu ya huduma kwa wateja, hata hivyo, hupokelewa. Mwezi Januari 2025, katika kambi ya Eielson huko Alaska, gurudumu la mbele la F-35A lilikataa kukaa sawa baada ya ndege kupaa, kwa kuwa maji yalikuwa yameingia kwenye mafuta ya haidroliki na kuganda. Rubani, akiwa angani, alishauriana na wahandisi wa kampuni kwa simu kwa takribani dakika 50, akagusa barabara ya uwanja na kupaa tena mara mbili ili kulinyoosha gurudumu, hadi vihisio vikadanganyika kwamba ndege imeshatua na kompyuta ikaanza kuiendesha kana kwamba iko ardhini. Alijirusha akatua kwa parachuti, akapona, na ndege ikaanguka. Mwaka 2023 huko South Carolina mambo yalikwenda kinyume: rubani alitoka, ndege ikaendelea na safari bila yeye kwa takribani kilomita 100, na kambi ya jeshi ikawaomba raia wenye taarifa zake wapige simu. Rubani mwenyewe alikuwa ametua katika ua wa nyumba ya watu, na alipounganishwa na simu ya dharura alimweleza mpokeaji kwamba hajui ndege iko wapi. Kutoonekana na adui ni sifa iliyolipiwa. Kutoonekana na mwenye mali ni nyongeza ambayo hakuna aliyeiomba.

Msomaji atauliza kwa nini bidhaa ya namna hii haikurudishwa zamani. Jibu ni kwamba kiwanda kikuu kiko Fort Worth, Texas, lakini vipande vyake vimegawanywa kwa makusudi katika karibu majimbo yote ya Marekani, hivi kwamba mbunge anayesimama kuipinga ndege huwa anapinga ajira za jirani zake. Sisi tunaojiita wapenda maendeleo, watu wa mrengo wa kushoto, hatuna cha kujivunia hapa. Seneta Bernie Sanders ameuita mpango huu ubadhirifu kwa miaka mingi, na bado aliunga mkono ndege hizo zipelekwe Burlington, mji aliowahi kuwa meya wake, zikafika mwaka 2019 ingawa wapiga kura wa mji huo walikuwa wameomba, katika kura ya ushauri ya 2018, waletewe chombo chenye kelele ndogo zaidi. Naye Elon Musk aliandika Novemba 2024 kwamba ni wajinga tu wanaoendelea kutengeneza ndege za kivita zenye marubani kama F-35. Miezi michache baadaye alikabidhiwa mkasi wa kupunguza matumizi ya serikali. Mkasi ukaenda kwa USAID, shirika lililokuwa likisimamia takribani dola bilioni 40 kwa mwaka, ambalo lilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025. Wahudumu wa kliniki za virusi vya UKIMWI nchini Kenya, Uganda na Tanzania waliojikuta bila mkataba hawahitaji kuelezwa maana yake. Ndege iliyoitwa ya wajinga ilibaki.

Kuna jambo jingine ambalo haliandikiki kwa mzaha. Kwa kuwa vipuri ni vya ghala moja la pamoja, kila mshirika wa mradi anahusika na kila bomu linalodondoshwa. Uingereza iliposimamisha takribani leseni 30 za kuuza silaha kwa Israel mwezi Septemba 2024, kwa hofu ya uvunjaji wa sheria za vita huko Gaza, iliviacha nje vipuri vya F-35 vinavyopitia ghala hilo, kwa hoja kwamba kuvizuia kungeyumbisha mradi mzima, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ya London ikakataa kuingilia. Nchini Uholanzi, mahakama ya rufaa iliiamuru serikali mwezi Februari 2024 isimamishe kuvipeleka Israel; serikali ikakata rufaa, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikairudishia jukumu la kupima upya leseni hiyo. Mnunuzi anayedhani ananunua ulinzi wa anga la nchi yake ajue kwamba pamoja na ndege hukabidhiwa sehemu ya dhamana ya vita ambavyo bunge lake halikuvijadili.

Wateja wengine wameshajifunza. Uturuki ilikuwa mshirika na mtengenezaji wa vipuri, ikaondolewa mwaka 2019 baada ya kununua makombora ya S-400 ya Urusi, na ndege ilizokwisha kuzilipia zikabaki Marekani. Ulaya ilipotishwa mwaka 2025 na uvumi wa kitufe cha siri cha kuzizima ndege hizo kutoka mbali, Marekani ilikanusha, na kwa maoni yangu ilisema kweli: asiyepelekewa vipuri na programu mpya hahitaji kuzimiwa chochote. Uhispania iliamua mwaka huo huo kutoinunua. Waswisi, ambao mwaka 2020 walipiga kura na kuidhinisha faranga bilioni 6 za kununulia ndege mpya za kivita kwa asilimia 50.1, walihakikishiwa na serikali yao kwamba F-35 zao 36 zina bei isiyobadilika, kisha mwaka 2025 Washington ikawaambia kwamba palikuwa na kutoelewana na kwamba gharama ingeweza kuongezeka kwa faranga milioni 650 hadi bilioni 1.3.

Kwa hayo naipa ndege nyota tatu kati ya tano, kofia ikiwa imechangia moja, na muuzaji nampa tano, kwa kuwa sijaona mwingine anayelipwa motisha kwa kuchelewesha mzigo. Foleni ya wanunuzi haijapungua: mwezi Novemba 2025, wakati Mwanamfalme Mohammed bin Salman alipokwenda Washington, Rais Trump alitangaza kwamba Saudi Arabia nayo itauziwa. Riyadh haina shida ya fedha, lakini kabla ya kutia saini ingefaa iwapigie simu Waswisi.