Bring Her Back: sauti ilikata palepale kwenye kisu, na hasira bado ninayo

Kwanza niseme, muvi za Australia za miaka hii nazipenda, na anayesema hawa jamaa wana kangaroo na Mad Max, zile muvi za magari jangwani, tu huyo hajaangalia kitu tangu enzi za kanda. Talk to Me ya wale mapacha wa Adelaide, Danny na Michael Philippou, waliokuwa wanatupia video zao za fujo YouTube, niliiangalia mchana kweupe na bado ilinimaliza: mkono wa kuitia mizimu uko mezani, mshumaa, vijana wanaushika huku wenzao wanarekodi na simu, sekunde 90 zisipite, na zinapita. Basi walipotoa Bring Her Back 2025 nikasema hii siiangalii kwenye simu, nikaenda ukumbini hapahapa Melbourne, hela yangu nikatoa.

Sasa sikilizeni. Kuna Andy na dada yake Piper ambaye haoni vizuri (Sora Wong anayemcheza ana uoni hafifu kweli, na ndo muvi yake ya kwanza, kaitendea haki huyo binti), baba yao anakufa, wanapelekwa kulelewa kwa mama mmoja anaitwa Laura, ambaye mwanae alikufa maji. Humo ndani kuna katoto kengine, Oliver, hakaongei. Siendelei, msije mkanitukana kwa kuwamalizia utamu, ila mpaka kwenye kisu lazima niwafikishe maana hapo ndo nilipoibiwa. Andy anamkatia dogo tunda, anamsogezea, dogo anafungua mdomo na badala ya tunda anang'ata kisu chenyewe na hapohapo SAUTI IKAKATA. Picha inaendelea! Meno, damu, Andy kaachama anapiga kelele hazisikiki, na sisi ukumbi mzima tunasikiliza kiyoyozi na mtu anatafuna bisi. Nyuma kuna jamaa akacheka. Yaani kipande ambacho utamu wake wote ni mlio wa meno kwenye chuma, mimi nimeuziwa bubu.

Nikatoka nje. Kaunta kuna kijana anachati, namwambia sauti imekata, hata kichwa hakuinua, eti "hiyo ni ya kutisha, labda wameitengeneza hivyo". Labda wameitengeneza hivyo!! Nikamwambia mdogo wangu, njoo usikie mwenyewe. Akasema yeye ni wa bisi, mambo ya sauti ni ya mwenzake na mwenzake katoka kidogo. Aisee kibanda umiza cha mtaani kwetu spika ikikoroma tu watu wanapiga miluzi na mwenye kibanda anaparamia benchi kugusa nyaya, hapa nimelipa dola naambiwa mwenzake katoka. Sauti ilirudi mambo ya kisu yameshapita zamani, na kurudisha nyuma wakagoma. Tulipotoka wakatugawia vocha za bisi. Hela? Hamna.

Kwa hasira ile nilizitukana muvi zote za Australia njia nzima. Sally Hawkins, huyo anayemcheza Laura, mnamtoa Uingereza wa nini. Furiosa, ile ya Mad Max, ndo maana 2024 ilikosa watu. Limbo ya Ivan Sen, nyeusi na nyeupe, Simon Baker anazurura tu Coober Pedy, mji wa migodi, kwenye mashimo. Ila jamani Limbo ni kali, tuache utani, askari anakuja kuuliza habari za binti wa Kiaborijini aliyeuawa miaka 20 nyuma na ndugu hawataki kuongea naye, na waongee nini, polisi miaka yote hiyo walikuwa wapi? Na Furiosa mpaka kesho sielewi kwanini watu hawakwenda. Ile iliyotangulia, Fury Road, walikimbilia Namibia kwa sababu mvua ilinyesha Broken Hill hapa Australia jangwa likaota maua, hii wamerudi kuipiga nyumbani, Chris Hemsworth na lile pua la bandia, mnataka nini tena.

Juzijuzi Bring Her Back nikaipata mtandaoni, nikavaa hedifoni, nikafika kwenye kisu. Nikavua hedifoni. Sikuweza. Mke wangu anacheka, eti wale wa ukumbini walikuokoa. Hawakuniokoa, uoga wangu nililipia, ni mali yangu! Ingawa nikisema ukweli, inayonijia usiku ni ile ya kimya, Andy kaachama hakitoki kitu. Na Laura pale mwisho kwenye mvua nilimwonea huruma hadi nikajishangaa, mama anafanya unyama wote ule na bado unamhurumia, huyo Sally Hawkins hapana aisee.

Muvi naipa tano. Nne basi, zile kanda za matambiko anazoangalia Laura zinarudiwa hadi zinachosha. Aah, tano. Ukumbi sifuri, na ile vocha nimeisoma vizuri nyuma, haifanyi kazi mpaka ununue tiketi nyingine.