Kidude cha sukari cha kubandika mkononi: nilitaka kuwaambia msinunue

Vidole vya Mama vilikuwa vimekuwa sugu kwa kudungwa, ndipo tukamnunulia kile kidude cha kubandika nyuma ya mkono, kinachotuma kipimo cha sukari kwa simu. Dada wa duka la dawa, pale katikati ya mji, alituambia, "Sasa mtalala." Kulala!

Usiku mmoja, saa tisa hivi, simu ikalia: sukari iko chini ya 3, yaani imeshuka mno. Nyumba nzima juu. Ndugu yangu anamkalisha, mimi namnywesha soda, naye analalamika, "Mbona mnanisumbua? Niko sawa." Jasho hana, hatetemeki. Kukumbuka ile mashine ya zamani na kudunga kidole, 9 na kitu, na soda nyingine bado iko tumboni.

Nikarudi dukani nimefura. Dada yule hakuinua macho. "Amelalia mkono. Hamkusoma maagizo?" Maagizo yenyewe ni Kiingereza kitupu, herufi kama mchanga. Nikaomba abadilishe. "Kikifunguliwa hakirudi." Foleni yote inasikiliza, mimi na utu uzima wangu nimesimama pale nikionekana mjinga.

Kinachoniuma ni kwamba alisema kweli. Daktari wa kliniki alitueleza kwamba kile kiuzi cha kidude kinachoingia mkononi hakimo kwenye damu, kimo kwenye majimaji yaliyo chini ya ngozi. Ukilalia mkono, pale pakabanwa, namba hushuka na sukari yako haijashuka. Hata mchana namba yake huchelewa nyuma ya sukari ya damu kwa dakika 5 hadi 15, kwa hiyo namba isipofanana na hali ya mgonjwa, dunga kidole. Basi. Angepungukiwa nini kutuambia hayo siku aliyopokea pesa zetu?

Msinunue, ndivyo nilivyotaka kuandika. Lakini ni kidude hichohicho kilichotuonyesha uji wa asubuhi, ule tulioaminishwa ni chakula cha wenye sukari, ukimpandisha Mama hadi 14. Kidole tulikuwa tunadunga kabla hajala, tungejuaje?

Sasa kiko mkono wa kushoto, kwa kuwa hulalia wa kulia. Nyota nne. Tatu, kikibanduka kabla ya siku zake 14, maana hubanduka, na bei yake mnaijua. Duka lile sikanyagi tena hata wakigawa bure. Wakigawa bure nitamtuma ndugu yangu.