Kufuatilia makaratasi ya ajali Dar: polisi sikutegemea, ila masjala ya mahakama imenikera mno

Naandika bado nina hasira kwahiyo mnivumilie. Kama una ndugu kagongwa na gari hapa Dar na mnataka kudai fidia bima, kuna makaratasi ya polisi na ya mahakamani ambayo bila hayo hakuna atakayekusikiliza, na hayo ya mahakamani ndo yaliyonifanya nikae nilale vibaya.

Mdogo wangu aligongwa na daladala akiwa anavuka barabara, mguu ukavunjika, mpaka leo ana vyuma ndani na anatembea na magongo. Dereva akapelekwa mahakamani, akakiri kosa, akapigwa faini akalipa, akarudi barabarani. Sisi tukajua yameisha kumbe ndo yanaanza, maana bima wanataka fomu za polisi, yaani PF3 (ile ya matibabu ya majeruhi), PF90, PF93, PF115, ramani ya ajali, na juu ya yote nakala ya hukumu iliyogongwa mhuri wa mahakama.

Polisi nilienda nimeshajiandaa kugombana na mtu. Nikampa afande wa trafiki namba ya RB, ile unayopewa ukiripoti tukio kituoni, akanikalisha akanielewesha vizuri kabisa, kwamba 115 ni taarifa ya awali ya ajali, 93 ni ya ukaguzi wa gari, 90 ndo ripoti ya mwisho, na kwamba nisiondoke bila ramani kwasababu wengi wanaisahau halafu wanarudi tena. Kulikuwa na kusubiri saini ya mkubwa wake na siku moja mkubwa hakuwepo, sawa, inakera, ila hakuna aliyenidharau na hakuna aliyeniomba hela ya soda. Polisi niwape haki yao.

Sasa mahakamani. Mahakama yenyewe siitaji ila ni hapa hapa Dar. Dirisha la masjala kuna dada mmoja, nikamsalimia, nikamwambia nahitaji nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki, namba hii hapa nimeiandika. Hakuangalia karatasi. Alikuwa anamenya karanga, maganda anayaweka juu ya kitabu cha kusajilia kesi, akasema "jalada liko kwa hakimu, njoo wiki ijayo". Wiki ijayo nikaenda, jalada liko kwa hakimu. Nikamuuliza dada, kesi si imeshaisha, kwa hakimu linafanya nini? Akasema "kwani we ndo mhusika? mhusika aje mwenyewe".

Nikamleta mhusika. Kutoka Mbagala mpaka pale na magongo, kwenye foleni na joto mnalolijua. Benchi limejaa, mdogo wangu kasimama ameegemea ukuta, zamu yetu ikafika akasema kwa heshima zote "samahani dada, ni mimi niliyegongwa, naomba nakala yangu". Yule dada akamwangalia kuanzia usoni mpaka kwenye magongo halafu akasema, na watu wote wanasikia, "nyie watu wa bima mna haraka sana ya hela". Yaani mtu mguu wake umeisha, kazi ya ujenzi aliyokuwa anafanya hawezi tena, ana mtoto, halafu unamwambia ana haraka ya hela! Mdogo wangu hakujibu kitu. Mimi nilitetemeka mikono.

Tukiwa nje akatufuata kijana mmoja ana bahasha chini ya kwapa, akaniambia "kaka toa kitu kidogo nakala unaipata leo leo". Kishoka kabisa, na alikuwa anajua tumekuja kufanya nini kabla sijafungua mdomo. Nani alimwambia? Hilo swali bado ninalo. Hela yoyote halali ya serikali unapewa kontro namba unalipa kwenye simu unabaki na risiti, mtu akikwambia umwekee mkononi hiyo ni ya mfukoni kwake, msitoe.

Kilichotusaidia ni mzee mmoja pale kwenye benchi alikuwa anafuatilia nakala ya mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, ya mtoto wake aliyefungwa, wanataka kukata rufaa. Akasema kijana usiombe kwa mdomo, andika barua. Barua kwa hakimu mfawidhi, yule msimamizi wa mahakama, weka namba ya kesi, majina ya pande zote, hukumu ilitolewa lini, unataka nini, hukumu tu au hukumu na mwenendo, halafu toa kopi, ya kwako wagonge mhuri wa kupokelewa na tarehe. Kwake yeye ule mhuri ni kila kitu, kwasababu rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu unatakiwa kutoa kusudio ndani ya siku 10 na kuleta sababu za rufaa ndani ya siku 45, na ule muda unaosubiri nakala hauhesabiwi, sasa kama uliomba kwa mdomo dirishani utathibitisha vipi kwamba uliomba? Fikiria wangapi wako gerezani ndugu zao wanaambiwa njoo wiki ijayo, njoo wiki ijayo. Hapo ndo hasira ikanizidi maana sisi angalau ni hela, wenzetu ni uhuru wa mtu.

Nikaenda steshenari ya nje nikachapisha barua, na nikaweka humo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Sijui kama ndo ilisaidia au ni ile kusikia mfawidhi. Barua ilipofika kwa mfawidhi akatoka karani mwingine, mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akachukua namba, akaingia chumba cha majalada yaliyofungwa, sijamaliza hata kumpigia simu mama akatoka nalo. Lina vumbi juu. Halikuwa kwa hakimu, halikuwahi kuwa kwa hakimu siku zote hizo, lilikuwa kwenye shelfu la kesi zilizoisha kama inavyotakiwa. Akatupa kontro namba, tukalipa, na nakala ikatoka bila maneno. Mama alivyosikia alilia.

Kwahiyo nilikuwa nataka kuandika kwamba mahakamani msiende bila wakili, ila siwezi kusema hivyo, utaratibu wenyewe ukiufuata kwa barua unafanya kazi na hauna gharama ya kutisha. Na tena hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziko TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, unapakua bure umekaa nyumbani, ila kikesi cha trafiki kama chetu usitegemee kukikuta huko, na bima wanataka yenye mhuri. Hapo nikasema basi, nyota tatu, tena kwa ajili ya yule mzee karani peke yake.

Ila jamani. Tumepeleka bima, wakaipokea, halafu wakapiga simu, jina la mdogo wangu kwenye hukumu limeandikwa tofauti na kwenye PF3, herufi moja tu imerukwa, wanasema haisomeki kama mtu mmoja. Mkipewa nakala isomeni pale pale dirishani neno kwa neno mkiwa na kitambulisho na PF3 mkononi, hasa majina, namba ya gari na tarehe ya ajali. Tumeandika barua nyingine ya kuomba marekebisho, imegongwa mhuri, na wakati wa kuipokea yule dada akaniuliza "mmerudi tena?" Sikumjibu. Zile nyota tatu nafuta, naacha moja.