Injinia wa nyumba hapa Kisumu, huyu mama anajua kazi

Nyumba yetu huku Mamboleo ilikuwa na nyufa kubwa, fundi wa kwanza akapaka simiti tu akaenda zake, jirani akanielekeza kwa ofisi ya injinia mmoja mwanamke hapo tao. Alichimbua hadi kwa msingi akatuonyesha vile udongo mweusi unavimba mvua ikinyesha na kunywea jua likiwaka, ndio maana ukuta unavutwa. Bei iko juu kiasi lakini inafaa. Kilichonigusa zaidi, alikaa na binti yangu wa form 3 akamweleza juu ya Naomi Climer, alianza kama injinia BBC, akaenda Sony, 2015 akawa rais wa kwanza mwanamke wa IET, chama cha mainjinia kule Uingereza. Sasa msichana anasoma fizikia bila kusukumwa.