Mkurugenzi Mmoja au Miduara ya Kazi: Njia Mbili za Kuongoza Asasi

Katika asasi nyingi zilizosajiliwa Tanzania chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, bodi huweka sera, mkurugenzi mtendaji huamua na watumishi hutekeleza. Faida yake ni wepesi: mfadhili anapotaka bajeti irekebishwe ndani ya siku mbili, anajulikana wa kutia saini. Lakini afisa wa mradi anayeshinda kijijini, ambaye ndiye wa kwanza kuona kwamba kisima kinachimbwa mahali pasipofaa, hubaki akisubiri idhini ya makao makuu.

Utawala wa pamoja hugeuza mpangilio huo. Sosiokrasia, aina mojawapo ya utawala huo iliyokuzwa na mhandisi Gerard Endenburg katika kampuni ya familia yake nchini Uholanzi, hugawa maamuzi kwa miduara ya kazi, yaani vikundi vya watumishi wanaofanya kazi pamoja, na kila mduara huamua mambo yake kwa ridhaa, yaani pendekezo hupita pasipokuwa na pingamizi lenye hoja (si lazima wote walipende). Mduara hupeleka watu wawili katika mduara wa juu: kiongozi wake na mwakilishi uliomchagua wenyewe. Huyu wa pili, kwa maoni yangu, ndiye kiini cha mfumo, kwani kupitia kwake taarifa chungu hupanda bila kuchujwa na bosi.

Gharama yake ni vikao, hasa mwanzoni. Bodi nayo haiondoki; hukasimu madaraka kwa maandishi, pamoja na kikomo cha matumizi. Asasi ya watumishi watano haihitaji haya yote, ila yenye ofisi mikoani ingeweza kuanza na mradi mmoja.