Metallica: albamu imezidi urefu, onyesho limepimwa

72 Seasons, albamu ya bendi ya metali Metallica, ilitoka tarehe 14 Aprili 2023. Kabla wiki mbili hazijatimia, bendi ilikuwa imeshapanda jukwaani Amsterdam, kwenye uwanja wa Johan Cruijff ArenA, kufungua ziara ya M72 tarehe 27 na 29 Aprili. Vitu hivi viwili vipimwe pamoja, maana kimoja kinakieleza kingine. Albamu ina nyimbo 12 na dakika 77. Pale Amsterdam walipiga siku mbili bila kurudia wimbo hata mmoja, nyimbo 16 kila siku, na katika zote hizo 32 walichukua sita tu za albamu mpya. Nusu kamili waliiacha kando. Kupunguza ambako studioni hakukufanyika, kumefanyika uwanjani.

Na kweli kulihitajika. Nyimbo zilizo chini ya dakika tano ni mbili tu, Lux Æterna na Too Far Gone?, na ya kwanza ndiyo iliyotimia kuliko zote: dakika tatu na ushei, rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) inaingia, solo inapita, kwisha. Nyingine nyingi zina rifu nzuri inayorudiwa mpaka unaanza kuangalia saa. Chasing Light ingekatwa dakika mbili na hakuna ambaye angelalamika. Ajabu ni kwamba ule mrefu kuliko wote, Inamorata, dakika 11 na sekunde 10, ndio usiochosha. Katikati gitaa zinanyamaza, linabaki gitaa la besi la Robert Trujillo likitembea taratibu na matoazi yakiguswa kwa mbali, kisha gitaa zinarudi moja moja. Katika albamu zao za studio za nyimbo zao wenyewe, ukiiacha Lulu waliyofanya na Lou Reed, hakuna wimbo mrefu zaidi, na urefu wake una kazi.

Kwa upande wa sauti, mtayarishaji Greg Fidelman ameitendea haki. Ngoma zinasikika kama ngoma, jambo ambalo kwa bendi hii si la kuchukulia kimzaha. Kwenye albamu ya St. Anger ya 2003 mpiga ngoma Lars Ulrich alilegeza nyaya za chini ya ngoma ndogo, matokeo yake ikawa kama mtu anagonga sufuria dakika 75 mfululizo. Death Magnetic ya 2008 ina nyimbo bora kuliko hiyo, ila ilipandishwa sauti kupita kiasi mpaka vilele vya mawimbi ya sauti vikakatwa. Ukiiongeza kidogo unasikia mkwaruzo, na wala spika yako haina kosa. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa safi zaidi. Anayetaka kununua ...And Justice for All ya 1988 katika toleo lililosafishwa upya mwaka 2018 asitegemee kusikia besi ya Jason Newsted, mpiga besi wao wa wakati huo. Usafishaji wa aina hiyo hufanywa juu ya mchanganyo, yaani sauti zote zikiwa zimeshaunganishwa, uliokwisha kukamilika, na kwenye mchanganyo huo besi ilizikwa tangu mwanzo.

Sasa uwanjani. Jukwaa la M72 ni duara kubwa lenye tundu, limewekwa katikati ya uwanja. Ndani ya tundu husimama watu, hapo panaitwa Snake Pit, na wengine wanalizunguka kwa nje. Kuizunguka sehemu yote ya kusimama kuna minara minane iliyobeba skrini na spika. Seti za ngoma ni nne, kila moja na upande wake wa duara. Lars anapiga nyimbo kadhaa hapa, kisha anahamia pale. Maikrofoni za mwimbaji James Hetfield nazo zimetawanywa.

Uzuri wake ni kwamba hakuna upande wa mbele wala wa nyuma. Ubaya wake ni huohuo: popote ulipo, sehemu ya onyesho utaangalia migongo. Aliyenunua tiketi ya kusimama asikimbilie uzio kama kwenye jukwaa la kawaida, asimame karibu na moja ya vituo vya ngoma na awe na subira, zamu yake itafika. Kwenye viti, kosa la kwanza ni kukaa nyuma ya mnara. Kabla ya kulipa, linganisha ramani ya viti na picha za minara kutoka mji uliotangulia. Kosa la pili ni kupanda juu mno kwa sababu ni bei nafuu. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukiwa mita 100 kutoka kwenye spika inayokuhudumia, unaona fimbo inatua kwenye skrini na mlio unakufikia karibu theluthi ya sekunde baadaye. Ongeza paa lililofungwa, mwangwi wa ngoma kubwa unaivuruga mipigo ya haraka kama ya wimbo wa Battery ikawa uji. Viti vya ngazi ya kati, kati ya mnara na mnara, ndivyo vya kulipia.

Halafu kuna suala la siku. Pale Amsterdam, Master of Puppets, Fade to Black na Nothing Else Matters zilipigwa siku ya kwanza. Enter Sandman, One na The Unforgiven siku ya pili. Mwenye tiketi ya siku moja alikosa nusu ya alichokijia. Orodha huwa zinabadilika njiani, kwa hiyo angalia walichopiga kwenye miji ya mwisho kabla ya kuchagua. Katika mji wa siku moja vigogo hivyo hukusanywa pamoja, na kwa mtu anayekwenda mara moja tu maishani, huo ndio ununuzi wa akili.

Ratiba ya Ulaya ya 2026 ina aina zote mbili. Athens tarehe 9 Mei, Glasgow 25 Juni na Cardiff 28 Juni ni siku moja moja. Dublin ni 19 na 21 Juni, London 3 na 5 Julai, yaani Ijumaa na Jumapili, Jumamosi ikiwa wazi katikati. Hesabu malazi ya siku tatu, si mbili. Anayetoka Kenya au Tanzania akumbuke kwamba viza ya Uingereza haimwingizi Ireland. Dublin ina viza yake, na Athens inataka ya Schengen.

Viziba masikio vivaliwe tangu bendi za kutangulia zinapoanza, sio masikio yakishaanza kuvuma. Vile vya sponji hukata zaidi sauti nyembamba, gitaa likabaki tope. Vyenye kichujio hupunguza sauti zote kwa uwiano, na maneno ya Hetfield bado yanasikika.